Kupoza Nyumba Mwanza Msimu wa Joto: Mwongozo Kamili, Kuanzia Bati Hadi Kitanda

Saa nane mchana panda juu ya kiti, nyoosha mkono, gusa dari ya sebule kwa kiganja. Shuka, gusa ukuta unaotazama magharibi, halafu sakafu. Dari ikiwa na moto kuliko ukuta, tatizo lako ni paa, na hakuna feni wala pazia litakalokusaidia sana kabla hujashughulikia bati. Ukuta ukiishinda dari, tatizo ni jua la jioni. Sakafu karibu siku zote itakuwa ya baridi kuliko vyote viwili. Watoto wanalijua hilo bila kufundishwa, ndiyo maana mchana unawakuta wamelala chini.

Kipimo hiki cha kiganja hakina gharama, lakini ndicho kinachoamua fedha yako iende wapi. Watu wengi huanza kwa kununua feni, kisha feni ya pili, kisha wanaulizia bei ya kiyoyozi, huku bati jekundu juu ya vichwa vyao likiendelea kuchemka. Mpango unaofaa ni kinyume chake: kwanza zuia jua lisiingie, pili toa joto lililokwisha kuingia, tatu poza mwili. Umeme uje mwisho.

Jua la Mwanza linapiga wapi

Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Hizo ndizo nyakati ambazo fukuto linasumbua zaidi, hasa Septemba na Oktoba kabla vuli haijashika, na Februari kabla ya masika. Jua likiwa utosini halipigi ukuta, linapiga paa. Kuta za kaskazini na kusini hazina shida kubwa. Upenu wa sentimita 60 unatosha: hata Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini kabisa, saa sita mchana upenu huo unatupa kivuli cha kama mita 1.2 ukutani.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Jua la saa kumi na moja jioni huingia likiwa limelala, linapita chini ya upenu wowote ule. Kati ya pande hizo mbili, magharibi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu jua lake linakuta nyumba imeshapata moto tangu asubuhi. Kama chumba cha kulala kiko magharibi na sebule iko mashariki, fikiria kuvibadilisha kwa miezi hiyo miwili mitatu. Ni kazi ya kuhamisha kitanda tu.

Halafu kuna mawe. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Isamilo zimejibanza kwenye miamba, nyingine ukuta wake wa nyuma karibu unagusa jiwe. Mwamba unakunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku polepole. Saa tatu usiku hewa ya nje imeshapoa, lakini ukiliegemea jiwe mgongo unahisi kama umeegemea chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Dirisha linalotazama jiwe la namna hiyo kwa karibu, mita moja au mbili, lisifunguliwe jioni. Fungua la upande mwingine, na hilo la jiwe liache limefungwa hadi usiku wa manane. Ukiweza, lifunike jiwe mchana kwa neti ya kivuli au majani ya mmea unaotambaa, maana jiwe lisilopigwa na jua halina cha kurudisha. Kulimwagia maji uliyofulia jua likishatua kunasaidia kidogo, ila angalia maji yanakoelekea: yakishuka kwenye msingi yatachimba udongo chini ya nyumba.

Paa: hapa ndipo kazi ilipo

Bati lenye rangi nzito au lenye kutu linaweza kupita nyuzi joto 60 jua la mchana likiwa wazi. Watu hudhani bati jipya linalong'aa liko salama kwa kuwa linarudisha mwanga. Linarudisha kweli, lakini lina tabia moja mbaya: joto lililokwisha kuingia haliliachii upesi, hivyo nalo linaishia kuchoma. Ukiwa chini ya bati tupu utalisikia lenyewe likikueleza. Wingu likipita, linalia ta, ta, ta likisinyaa. Jua likirudi, linalia tena likitanuka. Rangi nyeupe ina faida zote mbili: inarudisha jua na inaachia joto.

Kupaka paa rangi nyeupe ni kazi ya siku tatu. Fuata hivi.

1. Pima paa kwa kufuata mteremko wake, si kwa vipimo vya sakafu. Zidisha urefu kwa upana wa kila upande, jumlisha, kisha ongeza asilimia 10 kwa ajili ya mawimbi ya bati. Paa la mita za mraba 100 linakuwa 110. Lita moja ya rangi hupaka mita za mraba 8 hadi 10 kwa koti moja, kwa hiyo koti mbili zinataka lita 22 hadi 28. Nunua ndoo ya lita 20 na makopo mawili ya lita 4.

2. Chagua rangi ya maji aina ya akriliki iliyoandikwa kuwa ni ya nje na inafaa kwa bati. Usipake chokaa kwenye bati, hata kama ni ya bei nafuu. Chokaa mbichi ni kali, inakula ile zinki inayolikinga bati na kutu. Na mvua ya kwanza itaisomba hadi kwenye tangi la maji ya mvua.

3. Kagua misumari kwanza. Iliyolegea igongwe, iliyokosa mpira ibadilishwe. Rangi haizibi tundu la msumari kwa muda mrefu.

4. Osha kwa brashi ngumu, maji na sabuni ya unga, suuza, acha likauke. Penye kutu sugua kwa brashi ya waya na msasa, kisha paka praima ya chuma sehemu hizo tu. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani. Ukipaka juu yake bila kuyatoa, baada ya miezi michache rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Ama liache linyeshewe msimu mzima wa mvua, ama lifute kwa siki na kulisuuza vizuri.

5. Paka kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, basi. Bati likishapata moto, rangi hukauka juu kabla haijashika chini, na ndiyo sababu kubwa ya kazi nyingi kuharibika. Koti ya pili ije kesho yake asubuhi. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usije ukanyeshewa katikati.

6. Ukiwa juu kanyaga penye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndiko ziliko papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Katikati bati linabonyea, na maji yatatuama hapo. Funga ngazi kwa kamba kabla ya kupanda, na usipande peke yako.

7. Kama unavuna maji ya mvua, chomoa bomba la gata lisiingie kwenye tangi kwa mvua kubwa mbili za mwanzo.

Rangi hii ina adui mmoja mkubwa, vumbi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaigeuza kuwa kahawia, na nyeupe iliyogeuka kahawia haifanyi kazi yake. Osha paa kila mwaka mwanzoni mwa Septemba. Watu wa mjini ambao wamejenga kwa bati za msauzi za rangi ya maruni au kijivu cha makaa watasema nyeupe inaharibu sura ya nyumba. Hilo ni suala la hiari, ila anayelala chini ya maruni ajue analipia sura kwa jasho.

Chini ya bati kuna dari, na kati yao kuna hewa iliyofungiwa. Hewa hiyo ikikosa pa kutokea, inaikaanga dari mpaka saa nne usiku. Mafundi wengi wakipiga fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, huziba upenu wote, nyumba inapendeza, na joto linabaki ndani. Tafuta fundi akutobolee matundu: nusu yake chini kwenye upenu, nusu juu kwenye ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya kofia ya paa, kila mwisho wa nyumba. Hewa ya moto hutokea juu na ya baridi huingia chini. Kadiria mita 1 ya mraba ya matundu kwa kila mita za mraba 150 za dari. Nyumba ya mita za mraba 75 inataka nusu mita ya mraba kwa jumla. Kila tundu liwekwe wavu wa chuma wa milimita 6, la sivyo umewafungulia popo mlango. Kama popo wameshahamia, ziba jioni wakishatoka kuwinda, usije ukawafungia ndani wakafia darini.

Anayetaka zaidi atandaze karatasi ya alumini ya kuezekea chini ya papi. Kuna makosa mawili ya kawaida hapa. La kwanza ni kuigusisha na bati au kuilaza juu ya dari: lazima upande unaong'aa uwe na nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5, vinginevyo joto linapita kwa kugusana. La pili ni kuelekeza upande unaong'aa juu, ambako vumbi linaufunika ndani ya mwaka mmoja. Uelekee chini. Na kwa kuwa alumini inapitisha umeme, fundi umeme aangalie kwanza nyaya zote zilizo darini. Waya uliochubuka ukigusa karatasi hiyo, paa zima linakuwa na umeme.

Kwa mpangaji wa chumba kisicho na dari, mwenye nyumba akikataa yote hayo, bado kuna njia. Fumua mifuko ya salfeti, ishone iwe shuka moja, uinyooshe kwa kamba kama sentimita 30 chini ya bati, ukiacha upenyo wa kiganja kila mwisho hewa ipite. Haipendezi, lakini inazuia ule mng'ao wa moto unaopiga kichwa moja kwa moja. Isikae juu ya jiko, wala karibu na balbu inayopata moto.

Madirisha na kuta

Pazia la ndani linazuia mwanga. Joto halilizuii vya kutosha, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia nyumbani. Kivuli kiwe nje. Neti ya kivuli inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo inafaa, na mikeka ya mafunjo au matete ya ziwani inafaa pia. Itundike sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani ili hewa ipande kati yake na ukuta. Ifunge kwa namna unayoweza kuikunja haraka. Dhoruba za vuli kutoka ziwani huja ghafla, na mkeka uliofungwa moja kwa moja utaondoka na msumari wake.

Ukuta wa magharibi wa plasta au tofali unaweza kupakwa chokaa, hapa inaruhusiwa. Changanya chokaa kilo 7, maji lita 13 na chumvi kilo 2 iliyoyeyushwa kwanza, acha ilale usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Lowesha ukuta, paka koti mbili au tatu nyepesi. Koti nene hupasuka. Vaa miwani, maana chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 bila kukatisha na uende kituo cha afya. Usiguse grili na mchanganyiko huo, chumvi italeta kutu.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni yana dosari ambayo muuzaji haisemi: yanafunguka nusu tu. Kama bado unajenga, weka yanayofunguka yote, au acha matundu ya hewa juu ya dirisha.

Upepo hugeuka: fungua dirisha sahihi kwa saa sahihi

Hili ndilo jambo ambalo wakazi wa kando ya ziwa wanalo na watu wa Dodoma hawana, lakini wengi hawalitumii. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Upepo huo huanza kuhisika kati ya saa nne na saa sita na kuendelea hadi jioni. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa kuliko ziwa, na upepo unatoka bara kwenda majini. Wavuvi wa matanga wametumia mgeuko huu tangu zamani, mmoja unawatoa na mwingine unawarudisha. Maana yake nyumbani ni kwamba dirisha linaloingiza hewa saa tisa mchana silo linaloingiza saa tano usiku.

Jaribu kwa udi. Washa kijiti kimoja, zima feni, fungua madirisha yote, simama katikati ya kila dirisha ukikishika usawa wa kifua. Moshi ukiingia ndani, hapo ndipo hewa inapoingilia. Ukivutwa nje, ndipo inapotokea. Ukipanda tu wima, dirisha hilo halifanyi kazi saa hiyo, lifunge. Fanya saa tisa mchana na saa tatu usiku, andika kwenye karatasi. Vilima na majengo ya jirani hupinda upepo, hivyo nyumba ya Bugando na ya Kirumba hazitatoa jibu moja.

Penye pa kuingilia, fungua kidogo. Penye pa kutokea, fungua sana. Watu hufanya kinyume. Hewa ikipita kwenye upenyo mdogo na kutokea kwenye mkubwa, inaongeza mwendo pale inapokupita. Mlango wa ndani uliofungwa unaua kila kitu, kwa hiyo uzuie kwa jiwe au kigingi. Penye wasiwasi wa wezi, fundi akuwekee matundu ya kimiani juu ya mlango.

Ratiba ya siku ya joto kali inakwenda hivi. Alfajiri, saa kumi na moja hadi saa mbili, fungua kila kitu. Hiyo ndiyo hewa ya baridi kuliko zote na haina bei. Kuanzia saa tatu funga upande wa mashariki na ushushe vivuli. Nyumba ya tofali nzito yenye dari ifungwe karibu yote hadi jioni, ikiacha upande wa ziwa wazi kidogo hewa isidode. Nyumba ya bati tupu au mabanzi isifungwe kamwe mchana: haihifadhi ubaridi wowote, ukiifunga unajipika. Jioni usifungue kwa mazoea ya saa. Weka kipimajoto cha bei ndogo ndani na kingine kivulini nje. Fungua pale nje kunaposhuka chini ya ndani. Kwa kawaida ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, na penye mawe huchelewa.

Saa hizo ndizo mbu wanaingia pia. Mwanza ni nchi ya malaria, na dirisha lisilo na wavu lisifunguliwe usiku kwa sababu ya joto. Wavu uwekwe kwenye fremu yake, ukae bila mwanya, na uoshwe kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa brashi laini. Wavu uliojaa vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama wingu la moshi unaziba hewa karibu kama ukuta. Zima taa za karibu na dirisha kabla ya kufungua, maana wadudu hao hufuata mwanga.

Feni, na lini isaidie

Feni haipozi chumba. Inakausha jasho, na jasho likikauka ngozi inapoa. Ukiondoka chumbani, izime. Hewa ya chumba ikizidi nyuzi 35 au hivi, inakuwa ya moto kuliko ngozi, na feni peke yake inakupulizia moto. Hapo lowesha mikono, shingo na miguu kwa kitambaa, kisha kaa mbele yake.

Jioni, nje kukishapoa, weka feni ya kusimama karibu na dirisha la kutokea, ikitazama nje, ili itoe hewa ya moto. Nusu saa inatosha chumba kimoja. Kisha igeuze ikupulizie wewe. Feni ya dari ifungwe kwenye mbao za kenchi zinazobeba paa, si kwenye jipsamu, panga zake zikiwa mita 2.3 au zaidi kutoka sakafuni. Katika nyumba ambayo dari yake inaunguza, feni ya dari inashusha lile joto la juu kichwani kwako. Chagua ya kusimama.

Feni ikianza kuzunguka kwa uvivu, kabla hujanunua nyingine angalia mambo matatu. Vumbi kwenye panga na kwenye mota: fungua kizuizi, futa kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke. Bushi kavu: zima, chomoa, zungusha panga kwa kidole, ikisimama mara moja badala ya kuendelea kuteleza, dondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye shafti, mbele na nyuma. Usitumie mafuta ya kula, yanaganda na kunata. Kapasita iliyochoka, kile kidude kinachosaidia mota kuanza: feni inanguruma lakini haianzi mpaka uisukume. Kapasita ni ya bei ndogo, ila inunuliwe yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani, na ibadilishwe na fundi kwa sababu huhifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa.

Kitambaa cha maji mbele ya feni kinafanya kazi hewa ikiwa kavu, kama Juni hadi Septemba. Mawingu ya mvua yakishajikusanya na hewa ikawa nzito, kinaongeza unyevu tu na jasho halikauki. Kumwaga maji sakafuni kwenye chumba kilichofungwa ni kosa la namna hiyohiyo, na wazee wanateleza.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Feni ya wati 50 ikikaa saa 10 inakula nusu uniti. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kinaweza kula uniti 5 au zaidi kwa usiku mmoja. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi atazimaliza ndani ya wiki mbili. Ukilazimika kukinunua, kiwekwe chumba kimoja chenye dari, kizibwe vizuri, kiwekwe nyuzi 26 na feni kando yake.

Jiko na vyombo

Jiko la mkaa litoke nje, si kwa sababu ya joto pekee: mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua chumba kikiwa kimefungwa. Maharage yalowekwe usiku, asubuhi yachemke kwa nguvu dakika 30, kisha sufuria iingizwe na mfuniko wake kwenye kapu lililojazwa mablanketi na kufunikwa kabisa. Yataendelea kuiva kwa saa kadhaa bila moto. Jioni yachemshe tena kabla ya kula. Friji isogezwe sentimita 10 kutoka ukutani, na isikae chumba cha kulala. Balbu za zamani zinazounguza vidole zibadilishwe.

Tangi jeusi la maji juu ya paa linafanya maji ya kuoga yawe ya moto hadi usiku. Teka ndoo asubuhi na uiweke sakafuni kivulini. Maji ya kunywa yakae kwenye mtungi wa udongo usiopakwa rangi, juu ya kigoda mahali penye upepo. Maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka nje ndiyo yanayoupoza, kwa hiyo mtungi uliopakwa rangi haufanyi kazi.

Kulala

Godoro la sponji linahifadhi joto la mwili. Tandika mkeka juu yake, kisha shuka ya pamba. Mtoto wa juu kwenye dabo deka ashushwe miezi hii, juu ni moto zaidi. Chandarua kisiondolewe hata siku moja. Kinapunguza upepo, ni kweli, lakini kikifungwa juu na kupanuliwa kwa pembe nne kisimguse mtu, na feni ikasogezwa hadi mita moja kutoka kitandani, upepo unapita. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala na usijifute sana. Maji ya barafu hufanya ngozi ijikaze, na joto la ndani linabaki.

Mwili, na ziwa lenyewe

Kunywa kabla ya kiu. Anayetoka jasho jingi kutwa anapoteza chumvi pia. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji salama, au kwenye lita moja hiyohiyo vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimepimwa kwa kijiko kilichosawazishwa. Chumvi isizidi hapo. Wazee, wajawazito, watoto wachanga na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo waangaliwe zaidi, na mtoto wa chini ya miezi sita aongezewe kunyonya, si maji.

Kujitosa ziwani mchana kunavutia, hasa kwa watoto. Maji ya ukingoni yenye majani na konokono yana kichocho, na mchana wa jua ndio saa ambazo vijidudu vyake hutoka kwa wingi. Wapewe beseni nyumbani.

Anayesikia kizunguzungu, kichwa kuuma na misuli kukaza akae kivulini, alegeze nguo, anywe. Lakini mwenye mwili wa moto sana aliyeanza kuongea ovyo, kuyumba, kutapika mfululizo au kupoteza fahamu ana kiharusi cha joto. Mmwagie maji mwili mzima papo hapo, mpepee kwa nguvu, weka barafu iliyofungwa kitambaani makwapani, shingoni na kwenye mapaja kwa juu, na mtafutieni usafiri huku mkiendelea kumpoza njiani. Asipewe kinywaji kama hana fahamu. Panado haisaidii hapa. Akifika kituoni apimwe na malaria, kwa sababu homa na joto hufanana kwa nje, na kuibahatisha mojawapo ni hatari.

Mti wa magharibi

Mwarobaini au mwembe upandwe mita 4 hadi 6 kutoka ukuta wa magharibi, mwanzoni mwa vuli, kwenye shimo la sentimita 60 kwa 60 lenye ndoo mbili za samadi iliyooza. Karibu zaidi ya hapo mizizi itafika kwenye msingi na shimo la choo. Penye mwamba chini ya udongo mfupi, ambako ni sehemu kubwa ya mji huu, mti hautashika. Panda pasheni itambae kwenye waya ulioachana na ukuta kwa sentimita 20. Inaweza kufunika dirisha ndani ya mwaka, na matunda juu.